RISALA YA SABUNI, YENYE KUBAINISHA TAFAUTI YA USAFI NA TWAHARA

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu aliyetuteremshia maji kutoka mbinguni akayafanya kuwa safi na yenye kutwahirisha, na tunamsalia na kumtakia amani Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu wa mwambao, jueni ya kwamba risala hii ndogo imeandikwa kwa ajili ya kitu ambacho watu wengi hukidharau, nacho ni sabuni. Huenda msomaji akacheka akasema: Je, mwanachuoni ameishiwa na maneno hata atuandikie khabari za mapovu? Asubiri kidogo. Vijana wetu wa chuoni, na baba zao pia, wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna nyingi: nguo iliyofuliwa kwa sabuni ikatakata na kunukia, yafaa kusalia? Na jibu ambalo wengi hujipa wenyewe ni kwamba yafaa bila ya shaka, kwani imetakata. Jibu hilo ndilo tutakalo kulipima hapa. Kutakata ni jambo moja, na kutwahirika ni jambo jingine, na mtu aweza kuvaa kanzu nyeupe kama yangeyange, akasimama safu ya mbele, naye hana sala.

Kwanza yapasa tujue sabuni ni kitu gani, kwani mtu hawezi kutoa hukumu juu ya kitu asichokijua. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, nao wamelipokea kutoka kwa Warumi. Katika zama za Mtume s.a.w. watu wa Hijazi waliosha kwa majani ya mkunazi, ambayo kwa Kiarabu huitwa sidri, na kwa mmea wa ardhi ya chumvi uitwao ushnani, ambao majivu yake yana magadi. Majani ya mkunazi ukiyaponda na kuyatikisa katika maji hutoa povu, na kila mtu awezaye kuupata mkunazi na ajaribu aone. Qays bin Asim aliposilimu, Mtume s.a.w. alimwamuru aoge kwa maji na sidri. Na Ummu Qays binti Mihsan alipouliza khabari ya damu ya hedhi iliyoingia katika nguo, aliagizwa aikwangue, kisha aifue kwa maji na sidri. Izingatie vizuri hadithi hii, ndugu yangu, kwani ndani yake mna kazi tatu: kukwangua kuna kazi yake, sidri ina kazi yake, na maji yana kazi yake. Haikutajwa sidri peke yake.

Baadaye watu wa Sham walifanya sabuni iliyo ngumu, na miji iliyopata sifa kuliko mingine ni Nablus katika Falastini na Halab katika Shamu. Sabuni ya Nablus hupikwa kwa mafuta ya zeituni, maji na magadi, katika birika kubwa, kwa siku kadha. Kisha humwagwa juu ya sakafu ikaganda, ikakatwa kwa mkono, ikapigwa mhuri, na vipande vyake vikapangwa kwa duara kwenda juu mfano wa mnara ulio tupu ndani, ili upepo upite. Watu wa Halab huongeza mafuta ya mti uitwao ghari. Mwaka 2024 kazi za miji hiyo miwili ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya turathi za wanadamu, na hayo yamekuja baada ya miji yenyewe kupata misiba ambayo nyote mwaijua.

Sisi Mwenyezi Mungu hakutupa zeituni, ametupa mnazi. Na sabuni ya mafuta ya nazi ni katika sabuni bora: ni ngumu, ni nyeupe, ina povu jingi. Na jambo hili litawapendeza mabaharia na wavuvi, kwamba hutoa povu hata katika maji ya bahari, pale ambapo sabuni nyingine hukatika ikawa utando. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika jiwe la matumbawe, na maji yake yana chokaa. Chokaa hiyo ndiyo ilayo sabuni kabla haijafika kwenye nguo, na ndiyo ifanyayo ule ugando wa kijivu ukingoni mwa karai. Mwenye maji ya mvua hutumia sabuni kidogo kuliko mwenye maji ya kisima, na wenye kukinga maji ya mapaa wayajua haya. Aibu ya sabuni ya nazi ni moja, nayo ni kwamba hukausha ngozi. Kwa hiyo wapishi wengi huichanganya na mafuta mengine, ya simsim au ya mawese, kwa ajili ya kuogea, na ile ya nazi tupu huachwa kwa kufulia.

Mapishi yake ni haya. Sabuni huzaliwa na vitu viwili visivyopatana, mafuta na maji makali ya magadi. Vikikutana kwa kipimo, mafuta huacha kuwa mafuta, na magadi huacha kuunguza, na hupatikana kitu cha tatu, pamoja na maji mazito matamu yaitwayo glisarini. Pasipokuwa na duka, maji makali hupatikana kwa majivu. Majivu ya makumbi ya nazi na ya mikungu ya ndizi yana nguvu. Hushindiliwa katika chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa makumbi, yakamiminiwa maji ya mvua kidogo kidogo, na yale yanayodondoka chini ndiyo makali yenyewe. Hupimwa kwa yai bichi: likizama, maji bado ni dhaifu, na likielea likaonyesha mgongo wake kadiri ya sarafu, yametosha. Walakini sabuni ya majivu haigandi, huwa laini mfano wa uji mzito, nayo yafaa kwa vyombo na sakafu. Atakaye kipande kigumu hutumia magadi, yale yatokayo katika Ziwa Magadi la Kenya na Ziwa Natron la Tanganyika ya zamani, akayachemsha pamoja na chokaa iliyochomwa. Chokaa hutuama, na maji ya juu huwa ndiyo yale ambayo leo huuzwa madukani hali ya kuwa yamekaushwa, kwa jina la kostiki.

Kwa kilo 1 ya mafuta ya nazi matupu hutiwa kostiki gramu 170 hivi na maji gramu 350. Kipimo hiki ni cha nazi peke yake. Kila mafuta yana kipimo chake, na mwenye kuchanganya lazima apige hesabu upya, kwani kostiki ikizidi sabuni hubabua. Kostiki hutiwa katika maji, wala maji hayatiwi juu ya kostiki, yasije yakachemka kwa ghafla na kuruka usoni. Chombo kiwe cha chuma, au cha udongo, au cha plastiki ngumu. Kisiwe sufuria ya alumini kwa hali yoyote, kwani maji makali huila alumini mpaka ikatoboka, na hutoa hewa yenye kushika moto. Watoto wasikaribie. Aliyerukiwa jichoni aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka muda wa robo saa na zaidi, kisha apelekwe hospitali. Wala asitiwe ndimu wala siki, kama wafanyavyo wajinga. Basi mafuta na maji makali yakisha kupoa kidogo huchanganywa na kukorogwa mpaka yawe kama uji, yakamiminwa katika kasha la mbao lililotandikwa karatasi. Sabuni ya nazi huganda upesi, na mwenye kuchelewa kuikata huiona ikimeguka. Kisha huwekwa penye kivuli na upepo muda wa mwezi mmoja au zaidi kidogo.

Matumizi yake nyumbani hayana haja ya kuelezwa kwa urefu. Kila mtu ajua kuosha sufuria iliyoganda mafuta ya pilau, na kufua kofia ya viua kabla haijatiwa wanga. Seremala husugua parafujo kwa kipande cha sabuni ili iingie katika mbao ngumu. Pete iliyokwama kidoleni hutolewa kwa povu. Mwenye mtungi wa gesi hupaka povu penye kiungo, na pakifanya malengelenge hujua kwamba pavuja. Mikono ikioshwa kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, maradhi mengi ya tumbo huepukwa, na kipindupindu ni mojawapo. Kula kwa mkono ni sunna yetu, basi ni juu yetu kuliko watu wengine kuuosha mkono huo. Na sababu ya nguvu yake ni kwamba sabuni ina pande mbili, upande mmoja hushika mafuta na upande mmoja hushika maji, ikauvuta uchafu kutoka mahali pake na kuukabidhi maji yauchukue.

Na hapo ndipo palipo na kusudi letu. Sabuni hukabidhi, na mwenye kuchukua ni maji.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, najisi haiondolewi illa kwa maji mutlaki, yaani maji yaitwayo maji bila ya kuongezwa neno jingine. Maji ya waridi hayaondoi najisi, wala siki, wala petroli, wala maji yaliyojaa sabuni mpaka yakageuka jina. Maji yakichanganyika na kitu twahiri kwa wingi hata yakabadilika rangi, au ladha, au harufu kwa mabadiliko makubwa, huwa yenyewe ni twahiri lakini hayatwahirishi. Basi mtu atawadhaye kwa maji ya ndoo ambayo mtoto ametikisia sabuni hata yakawa meupe, hana udhu. Na mtu apelekaye nguo yenye mkojo kwa dobi afuaye kwa dawa pasi na maji, akarudishiwa imepigwa pasi na kutiwa katika mfuko, amerudishiwa nguo safi iliyo najisi.

Ukisema: Je, sabuni basi haina daraja yoyote katika sharia? Tutajibu: Inayo, tena kubwa. Maulama wetu wamesema kwamba ikiwa dhati ya najisi haiondoki illa kwa sabuni au mfano wake, basi kuitumia ni wajibu. Mwenye uwezo wa sabuni akaacha damu katika nguo kwa uvivu, akasema nimekwisha kumimina maji, hakufanya alilolazimishwa. Sabuni hapo ni mtumishi wa maji, na mtumishi huyo ni lazima aitwe. Akisha kusugua kwa bidii, ikabakia rangi peke yake au harufu peke yake isiyoondoka, hiyo imesamehewa. Zikibakia zote mbili mahali pamoja, au ikabakia ladha, bado hapajatwahirika. Harufu ya sabuni yenyewe ikibakia katika nguo haidhuru kitu.

Sasa tulitazame karai, kwani hapa ndipo watu wengi wanapoanguka. Maji yakiwa chini ya kullataini, nazo ni ratili 500 za Baghdadi kwa ukadirio, ambazo wako wa zama hizi wanaozikadiria kuwa lita 216, hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu, ijapokuwa hayakubadilika. Na karai gani katika nyumba zetu lenye kujaa lita hizo? Basi desturi ya majumbani ni kujaza karai maji, kutia sabuni, kisha kutumbukiza nguo zote pamoja: kikoi cha baba, shuka ya kitanda, na kaptula ya mtoto iliyo na mkojo. Mara ile kaptula ilipogusa maji, maji yote yalinajisika, na povu lote, na kanzu ya baba iliyokuja karaini hali ni twahiri nayo imenajisika. Kisha nguo hukamuliwa zikatumbukizwa katika karai la pili, la kusuuzia, nalo likapatwa na yaliyolipata la kwanza. Kisha huanikwa, zikakauka, zikanukia, na watu wakaenda nazo Ijumaa.

Na dawa yake si ngumu, wala haina gharama. Maji ndiyo yanayotakiwa kuijia najisi, isiwe najisi ndiyo inayoyajia maji. Bedui alipokojoa msikitini, Mtume s.a.w. aliamrisha imwagwe ndoo ya maji juu ya mkojo. Na yeye amemkataza mtu aliyeamka usingizini asitumbukize mkono wake chomboni mpaka auoshe mara tatu. Katika mawili hayo maulama wetu wameichukua tafauti ya maji yanayomiminwa juu ya kitu na kitu kinachoingizwa katika maji. Basi nguo yenye najisi itengwe na nyenzake. Dhati ya najisi iondolewe kwanza kwa kukwangua, au kwa dodoki na sabuni, huku maji yakimiminwa kwa kata au kwa kopo. Kisha nguo ikamuliwe, iwekwe katika karai tupu, au ishikwe chini ya bomba, na imiminiwe maji safi mpaka yaenee pote na yatoke bila ya povu. Mara moja yenye kuenea yatosha kuwa ni faradhi, na mara tatu ni sunna. Ikisha kutwahirika hivyo, mwenye kutaka aitie pamoja na nguo nyingine katika sabuni, buluu na chochote atakacho.

Wako waliouliza khabari ya mashine za kufulia. Tulionalo ni kwamba hukumu yake ni hiyo hiyo: dhati ya najisi iondolewe kabla nguo haijatiwa, na mashine iwe ni ile itoayo maji ya kwanza yote na kuleta maji mapya juu ya nguo. Ikifanya hivyo, maji mapya yamekuja juu ya nguo isiyo na dhati ya najisi, nayo imetwahirika.

Mkojo wa mtoto mwanamume asiyetimiza miaka miwili, naye hajala chakula ila maziwa, ni najisi nyepesi. Yatosha kunyunyiza maji yakaenea mahali pake baada ya kuiondoa dhati yake. Wa mtoto mwanamke lazima uoshwe. Na najisi nzito, ya mbwa na nguruwe, ni mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na mchanga ulio twahiri. Hapa wapo wasemao kwamba sabuni hushika mahali pa mchanga, kwa kuwa ni kali zaidi. Hiyo ni kauli iliyotajwa, walakini Imamu Nawawi katika Minhaji ameifanya iliyo dhahiri zaidi kuwa mchanga ndio wenyewe hasa, na hilo ndilo la kufuatwa. Atumie mchanga, na akitaka sabuni baada yake, ni shauri lake.

Twaja sasa kwenye sabuni yenyewe, je, ni twahiri? Sabuni ya nazi, ya zeituni, ya mawese haina neno. Walakini viko vipande vingi madukani ambavyo vimefanywa kwa shahamu ya wanyama. Mwenye kusoma makaratasi yake ataona neno "tallow" au "tallowate", nayo ni shahamu ya ng'ombe au kondoo, na neno "lard" ni ya nguruwe. Mnyama asiyechinjwa kwa sharia ni mzoga, na shahamu ya mzoga ni najisi. Na katika madhehebu yetu kitu kilicho najisi kwa dhati yake hakitwahiriki kwa kugeuka umbo, illa vichache vilivyotajwa, kama pombe iliyogeuka siki yenyewe na ngozi iliyodabighiwa. Wanavyuoni wa Kihanafi wana kauli nyingine, wao husema mafuta yakisha kuwa sabuni yamekuwa kitu kingine, nayo ni twahiri. Hao ni maimamu wakubwa wala hatumkemei mwenye kuwafuata. Sisi twaeleza madhehebu ya watu wa mwambao.

Mwaka wa kufunguliwa Makka, Mtume s.a.w. aliharimisha kuuza mizoga. Akaulizwa khabari ya shahamu yake ambayo kwayo hupakwa majahazi na kuwashwa taa, akakataza. Imamu Shafi na wafuasi wake wamefahamu kwamba kilichokatazwa ni kuuza, ama kuitumia kwa kupaka chombo na mfano wake, pasipokuwa kula wala kujipaka mwilini, kwajuzu. Kadhalika wamesema kwamba mafuta yaliyoingiwa na najisi yajuzu kufanywa sabuni ya kutumia mwenyewe, si ya kuuza, na mwenye kuitumia mwilini au nguoni atwahirishe baadaye kwa maji. Lakini cha nguruwe na mbwa hakina ruhusa hiyo.

Ukisema: Basi tusinunue sabuni mpaka tujue imepikwa na nani, na kwa shahamu ya mnyama gani? Tutasema: La, huo ni wasiwasi, na wasiwasi ni mlango wa shetani. Asili ya vitu ni twahara, na yakini haiondolewi kwa shaka. Katika Fat-hul Muin, kitabu ambacho wanafunzi wetu wamekisoma vizazi na vizazi, imetajwa nguo iliyoenea sifa kwamba hufanywa kwa mafuta ya nguruwe, na jibini ya Sham iliyosemwa kuwa yagandishwa kwa kitu cha nguruwe, na kwamba sifa hizo za midomoni hazitoshi kukinajisisha kitu. Basi kipande kisichoandikwa chochote kinunue, ukitumie, wala usiulize. Na kilichoandikwa wazi kwamba ni cha nguruwe kiache, kwani hapo hapana shaka ya kutegemea. Na mwenye kutaka raha ya moyo, mnazi uko uani kwake.

Wavuvi na mafundi wa majahazi wana masala yao. Mafuta mepesi yenye kutiririka, kama sifa ya papa, yakipakaa mkononi hayazuilii udhu, ijapokuwa maji huteleza juu yake. Kilichoganda juu ya ngozi, kama lami, au rangi, au shahamu iliyoshikana, huzuilia, na udhu hausihi mpaka kiondoke. Basi fundi asiharakishe kwa kuwa amesikia adhana akatawadha juu ya lami. Ajisugue kwanza kwa mafuta na sabuni. Wakati wa sala una nafasi kuliko anavyodhani.

Amma mwenye kuhirimia Hija au Umra, sabuni yenye manukato imeharimishwa juu yake, na akiitumia kwa kusudi naye ajua, analazimiwa fidia. Achukue isiyo na harufu ya manukato tangu kwao. Nazi tupu yafaa sana.

Limebakia jambo la maiti, nalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu aliye hai akikosea leo aweza kuirudia sala yake kesho, na aliyekwisha kufukiwa hawezi kuinuka akadai kuoshwa upya. Binti yake Mtume s.a.w. alipofariki, Mtume aliwaamuru wanawake, na Ummu Atiyya alikuwa pamoja nao, wamwoshe kwa maji na sidri mara tatu au tano au zaidi kama waonavyo, na katika mara ya mwisho watie kafuri, ambayo sisi twaiita karafuu maiti. Namna yake katika madhehebu yetu ni kwamba maiti huoshwa kwanza kwa mkunazi au sabuni; kisha mkunazi huo au sabuni hiyo huondolewa kwa maji; kisha humiminiwa maji safi matupu tangu kichwani mpaka miguuni, yenye karafuu maiti kidogo isiyoyageuza. Hayo yote ni josho moja, na sunna ni kukariri hivyo mara tatu. Kinachohesabiwa kuwa ni faradhi ni yale maji safi ya mwisho. Maji ya sabuni hayahesabiwi, hata yakimiminwa mitungi kumi. Na aliyekufa katika ihramu hatiwi karafuu maiti wala manukato yoyote.

Tumehudhuria kwenye misiba zaidi ya mara moja tukaona waosha wamesugua kwa povu jingi, wakasuuza kwa haraka kwa maji yale yale ya ndoo yaliyoingia sabuni, wakatia karafuu maiti nyingi hata maji yakawa na ladha yake, wakamfuta, wakamvisha sanda, na watu nje wakihimiza kwamba jua latua. Hawakuwa na nia mbaya; waliona maiti ametakata. Basi kila mtaa na uwe na waosha wawili au watatu waliosoma, na ndoo ya maji safi itengwe kando tangu mwanzo, ifunikwe, isiguswe kwa mkono wenye povu mpaka utakapofika wakati wake.

Mwenye kuifanya sabuni kuwa biashara ana chumo la halali, wala asione haya kwa kuwa ni kazi iliyozoelewa na wanawake. Huko Unguja wako wanawake wafanyao sabuni ya mwani na ya karafuu, nao huiuza kwa wageni kwa bei nzuri, na waume zao wala hawana shida ya kula chumo hilo. Walakini achunge mizani. Sabuni mbichi ina maji ndani yake, na mwenye kuiuza kwa uzani siku ya pili baada ya kuikata amemwuzia mwenziwe maji kwa bei ya mafuta. Ama aikaushe mwezi wake, ama amwambie mnunuzi kwamba ni mbichi na apunguze bei. Kadhalika asichanganye unga wala udongo ili kipande kiwe kikubwa, kisha akanyamaza. Mtume s.a.w. aliingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni akakuta ndani mna rutuba iliyofichwa, na mwajua alivyomkemea mwenye mali.

Na sabuni iwekwayo msikitini penye mabomba ya udhu, ikiwa imetolewa waqfu, ni ya wenye kutawadha hapo. Haichukuliwi kwenda kuogea nyumbani, ijapokuwa kimebakia kipande chembamba kama ukucha.

Wallahu aalamu bissawabi.